Uliandika au Mliandika? Hojaji Baada ya Msimu wa Mashindano ya Roboti

Mashindano ya roboti ya shule za sekondari yanayoandaliwa na FIRST, shirika la Marekani lililoasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka wa 1989, huwa na msimu wake. Mapema Januari timu hutangaziwa mchezo wa mwaka huo, huunda roboti kwa wiki kadhaa, kisha hushindana hadi Aprili. Msimu ukiisha hubakia kazi ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka: kuwauliza walioshiriki mambo yalikuwaje.

Kazi hiyo huonekana nyepesi. Hojaji huandikwa, husambazwa, majibu hujumlishwa na wastani kupatikana. Hata hivyo, wastani huweza kuficha jambo lenyewe linalotafutwa. Hadi mwaka wa 2019, kanuni ziliitaka kila timu kuifunga roboti yake katika mfuko baada ya takriban wiki 6, isifanyiwe kazi tena kabla ya mashindano ila kwa saa chache zilizoruhusiwa. Kwa juujuu, wote waliwekwa katika mizani moja. Lakini timu zenye fedha ziliunda roboti ya pili, zikaendelea na mazoezi ilhali ya kwanza imo mfukoni. Kanuni hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Swali kama "Je, muda wa kuunda roboti ulitosha?" lingejibiwa kwa namna mbili na timu hizo, na wastani wa majibu usingekuwa ukweli wa timu yoyote. Hojaji ya busara huuliza kwanza timu ilikuwa na nini.

Wakati nao una athari. Timu iliyoaga mashindano mwezi wa Machi, ikingojewa hadi Mei, huwa imekwisha kupoa. Mwanafunzi aliyejitoa katikati ya msimu hayumo kabisa katika orodha ya wanaotumiwa hojaji, na yamkini yeye ndiye mwenye habari ambayo waandaaji wanaihitaji zaidi.

Suala zito zaidi ni la lugha. Kiingereza cha kawaida hutumia kiwakilishi kimoja cha nafsi ya pili kwa mtu mmoja na kwa wengi. Hojaji ya Kiingereza ikimwuliza mshiriki iwapo aliandika programu ya roboti, msichana ambaye msimu mzima alipewa kazi ya kupamba mabango anaweza kujibu ndiyo bila kusema uongo, maadamu timu yake iliiandika. Kiswahili hakimwachii mtunzi wa swali mwanya huo. Sharti achague: "Uliandika programu?" au "Mliandika programu?" Kiambishi m- huleta sifa za timu, tena mara nyingi kwa kinywa cha nahodha pekee. Kiambishi u- hudhihirisha nani alishika kifaa na nani alisimama kando akitazama. Anayeitafsiri hojaji kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika Mashariki bila kulitambua hilo huwa ametunga swali jingine, naye hana habari. Kauli ya kutendwa nayo ni ya kuepukwa: katika "roboti iliundwa vipi?" mtenda hayupo, na mjibu hana sababu ya kumtaja.

Kuna pia adabu. "Je, mlifurahia mashindano?" ni swali lenye jibu moja tu kwa mwanafunzi ambaye karatasi yake itakusanywa na mwalimu yuleyule aliyemtafutia nauli. Afadhali aambiwe: "Simulia wakati mmoja ambapo hukuwa na la kufanya," na karatasi isiwe na jina. Majibu ya namna hiyo hayajumlishiki. Husomwa moja baada ya jingine, kama msomaji wa fasihi asomavyo simulizi, akiangalia nani ametajwa kwa kazi yake na nani ameishia kuitwa "wengine".