Aliyetoka Kifungoni: Je, Apewe Kazi?

Katika mambo ambayo watu wa nyumba zetu huyazungumza kwa sauti ya chini, mojawapo ni hili: mtu aja kuomba kazi, ana afya, ana adabu, na kazi yenyewe aijua, kisha yasikika kwamba miaka kadhaa nyuma alipata kufungwa. Je, afunguliwe mlango au afungiwe? Jambo hili limekwepwa muda mrefu, na khasa sisi wa Nyegezi hatuna njia ya kulikwepa, maana li mlangoni petu.

Gereza la Butimba li karibu nasi. Atokaye huko hufika barabara kuu, na barabara humleta penye riziki za watu wasio na vyeti: stendi ya mabasi ya Nyegezi, ambako mizigo ya wasafiri wa Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam hupakiwa, mialo ya ziwa, ambako mitumbwi ya dagaa hutaka mikono yenye nguvu, nyumba zinazojengwa vilimani, na milango yetu wenyewe, sisi tunaotafuta mlinzi wa usiku, dereva, mpishi au mtu wa bustani. Siku ya 9 Desemba 2019, sherehe za Uhuru zilipofanyika hapa Mwanza katika uwanja wa CCM Kirumba, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 wa nchi nzima. Watu walipiga makofi, na ilistahili. Lakini msamaha humtoa mtu ndani ya ukuta tu. Haumpi chakula cha kesho yake. Chakula hicho chatoka kwa atakayempa kazi, naye si Rais. Ni mimi na wewe.

Hofu ya mwenye nyumba

Hatutaki kumdharau mwenye hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wapo miongoni mwetu walioibiwa na watu waliowala nao sahani moja. Mama anayeacha watoto nyumbani, mwenye duka anayeacha fedha katika mtoto wa meza, mwenye mtumbwi anayekabidhi mashine na nyavu usiku kwa watu asiowaona mpaka alfajiri: hawa wana haki ya kuuliza. Mali na watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Lakini hofu nayo ina mipaka yake. Mwenye nyumba anaposema, "Simtaki aliyefungwa," huwa amewatia watu wengi katika gunia moja. Ndani ya gunia hilo yumo aliyevunja nyumba za watu mara tatu. Yumo pia kijana aliyepigana kilabuni akiwa na miaka kumi na tisa. Na kwa sisi wa ziwani, yumo mvuvi aliyekamatwa na kokoro au nyavu za macho madogo. Kumbukeni mwaka 2018, Serikali ilipoanzisha Operesheni Sangara katika Ziwa Viktoria, jinsi zana haramu zilivyochomwa na wenye zana hizo wakashitakiwa. Kosa la mvuvi yule ni kosa, maana alikula mbegu ya samaki wa watoto wetu. Lakini je, ndilo litakalomzuia kulinda geti, kufyatua matofali au kuendesha gari la mchanga? Neno "mfungwa" ni moja, na waliomo ndani yake ni wengi.

Tena tufikiri mwisho wa njia hii. Mtu akikataliwa Nyegezi atakwenda Mkolani. Akikataliwa huko atakwenda Igoma. Na kila mlango ukifungwa, utabaki mlango mmoja usiouliza khabari za zamani, nao ni ule wa wezi wenzake. Hao humpokea kwa furaha, na siku ile ile humpa kazi. Basi mji unaomkataa mtu kwa ajili ya kujilinda huenda ukawa umemtuma mwenyewe arudi usiku.

Sheria yasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, yampa kila mtu haki ya kufanya kazi, wala haikuongeza "isipokuwa aliyefungwa". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, kabila, dini, jinsia, ndoa, mimba, ulemavu, umri na mambo mengine yaliyoorodheshwa. Hukumu ya zamani haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo aliyekataliwa kwa sababu hiyo peke yake hana pa kushika penye nguvu, na jambo lenyewe limeachiwa dhamiri ya mwajiri. Sheria hiyo hiyo, lakini, imetoa kipimo chema: yaruhusu kumtenga mtu pale ambapo kazi yenyewe, kwa tabia yake, yadai sifa fulani. Kipimo hiki twaweza kukitumia hata mahali ambapo hatukulazimishwa.

Katiba yenyewe yafahamu kwamba kosa lina umri. Katika ibara ya 67, inapotaja sifa za mtu atakaye ubunge, yatazama kama alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano iliyotangulia uchaguzi. Iliyo nyuma ya mitano haiulizwi. Ikiwa mtu aliyeikosea hazina ya nchi aweza, baada ya miaka hiyo, kusimama mbele ya wananchi awaombe wamkabidhi kutunga sheria, yawaje aliyeiba baiskeli miaka kumi na tano iliyopita asikabidhiwe ufagio?

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 kwamba hukumu nyingi, mtu akiisha kukaa muda uliowekwa pasipo kosa jingine, huhesabiwa kuwa zimekwisha, na mwombaji wa kazi za kawaida halazimiki kuzitaja; ila kazi za kulea watoto na mfano wake zimewekwa kando. Jimbo la Hawaii huko Marekani, mwaka 1998, liliwazuia waajiri kuuliza khabari za hukumu mwanzoni mwa maombi. Mtu kwanza apimwe kwa kazi yake, ndipo, akiisha kuonekana afaa, aulizwe ya nyuma. Nchi hizo hazikufumba macho. Zimetambua tu kwamba swali likitangulia, hakuna lingine litakalosikilizwa.

Mwajiri wa Madyan

Nasi tulio na Kitabu hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta mfano. Nabii Musa (a.s.) aliingia Madyan akiwa mkimbizi. Nyuma yake Misri palikuwa na mtu aliyekufa kwa pigo la mkono wake, ingawa hakukusudia kuua, naye alikuwa amekwisha kumwomba Mola wake msamaha. Alipoitwa na yule mzee, hakuficha. Alimsimulia khabari zake zote. Mzee alisikia, akamtuliza. Binti wa mzee ndiye aliyeshauri kwamba aajiriwe, na sifa alizozitaja ni mbili: nguvu na uaminifu. Kisha likafanywa agano la miaka minane, na ya kumi ikaachwa kwa hiari yake. Tazameni mpango ulivyokuwa: mwombaji alisema kweli mwenyewe, kazi yake ilikwisha kuonekana kisimani, sifa zilizopimwa zilikuwa zile ambazo kazi yazidai, na muda wa agano ulijulikana. Ni nani kati yetu anayeajiri kwa utaratibu bora kuliko huo?

Wanavyuoni nao waliyatazama mambo haya kwa makini. Mtu aliyepigwa kwa kumsingizia mwanamke zinaa ushahidi wake hukataliwa. Lakini akitubu na kutengenea, Imamu Shafi, Imamu Malik na Imamu Ahmad wamesema ushahidi wake warudi kukubaliwa, na Imamu Abu Hanifa peke yake kati ya wanne ndiye aliyeshikilia kuwa haurudi. Na ushahidi mbele ya kadhi ni jambo kubwa kuliko kukata majani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, toba hiyo haikuachwa iwe maneno matupu: mtu hupimwa kwa muda, na wengi wao wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja, ili majira yote yampitie aonekane katika shibe na katika njaa. Huu ndio mwendo wa kati na kati. Mlango haukufungwa milele, wala haukuachwa wazi bila mlinzi.

Kupima kwa haki

Basi mwenye nyumba au mwenye biashara afanyeje? Sisi twaona maswali manne yatosha.

La kwanza: kosa lilikuwa lipi? Ugomvi si wizi, na wizi wa njaa si ulaghai uliopangwa. La pili: lilitendeka lini, naye alikuwa na umri gani? La tatu: tangu hapo ameishije? Miaka kumi ya jasho na jirani wema ni ushahidi kuliko karatasi. La nne, nalo ndilo kuu: kosa lile lina uhusiano gani na kazi hii? Aliyefungwa kwa kuendesha gari amelewa na kuua mtu, asipewe usukani kwa haraka. Lakini aweza kuwa mwashi au mshonaji. Aliyekula fedha za ushirika asiwekwe kwenye sanduku la fedha. Lakini aweza kuvua. Na aliyewadhuru watoto, huyo asipewe kazi penye watoto abadani. Hapa hatuna huruma ya kugawa, kwa kuwa si yetu, ni haki ya mtoto.

Cheti cha polisi kitolewacho baada ya kupima alama za vidole chafaa kwa kazi zenye amana kubwa, wala hatumkatazi mtu kukidai. Lakini kisomwe, kisihesabiwe kuwa hukumu ya pili. Barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaojulikana ni njia tuliyoizoea, na ni njema. Taabu ni kwamba atokaye gerezani mara nyingi hana wa kumdhamini. Hapa kamati za misikiti yetu zina nafasi: mtu anayesali nao safu moja kwa mwaka mzima wanamjua, na neno lao lastahili kupokewa. Neno hilo, lakini, liwe la kweli. Kumdhamini usiyemjua ni kumdanganya jirani.

Akiisha kupewa kazi, kuna mambo ya kuangalia. Agano liandikwe, kazi itajwe, na mshahara utajwe. Uwepo muda wa majaribio unaojulikana. Funguo zitolewe kwa hatua, kama zinavyotolewa kwa mgeni yeyote. Na hapa twataka kusema wazi juu ya dhuluma moja: wapo wanaowapokea watu hawa kwa sababu ni rahisi. Humlipa nusu ya wanachowalipa wengine, na akidai humwambia, "Nani mwingine atakuchukua?" Huyo hakufanya wema, amemnunua mtu kwa aibu yake. Ujira wa kazi moja ni mmoja, na hulipwa kabla jasho halijakauka.

Jambo jingine ni siri. Aliyekwambia ya nyuma kwa ulimi wake amekukabidhi kitu, nacho ni heshima yake. Si khabari ya kupelekwa arusini, wala ya kuambiwa watoto ili wamwogope. Na siku kijiko kitakapopotea, kitafutwe kwanza kabatini. Asiitwe yeye wa kwanza. Wengi waliotaka kutengenea hawakushindwa na kazi. Walishindwa na macho ya watu wa nyumbani.

Neno kwa mwombaji

Nawe ndugu uliyetoka huko, yatupasa kukuambia neno. Usiseme uwongo ukiulizwa. Uwongo ukigunduliwa huligeuza kosa la zamani kuwa kosa la leo, na la leo halina umri wa kulitetea. Sema kwa ufupi: nilikosa, nilihukumiwa, nilimaliza, na tangu hapo nimefanya haya. Taja ulichojifunza. Magereza yetu yana kazi za mikono: useremala, ushonaji, kilimo, matofali, na kule Karanga, Moshi, pana kiwanda cha viatu vya ngozi ambacho Jeshi la Magereza lina ubia nacho. Mtu aliyeaminiwa kushika patasi au sindano ya ngozi akiwa ndani ya ukuta, asione haya kusema kwamba aijua kazi hiyo akiwa nje. Anza na kidogo, uwahi, usichukue kisicho chako hata kiwe kiberiti. Mwaka mmoja ukipita hivyo, utakuwa na mdhamini bora kuliko wote.

Yaliyopita si ndwele, wasema wazee, tugange yajayo. Nao hawakusema tuyasahau, walisema tugange. Kuganga kwataka mganga anayetazama jeraha, si anayegeuza uso. Basi mtu akibisha mlangoni mwako, ewe msomaji, na ukajua kwamba alikwisha kulipa alichodaiwa na mahakama, usimdai mara ya pili. Muulize, mpime, mpe kazi anayofaa kupewa, na umlipe haki yake. Mwenyezi Mungu atusitiri sisi sote kwa yale ambayo hayakuandikwa katika daftari la polisi, naye ayajua. Amin.