Mbolea Makambako: DAP kwanza, urea baadaye

Mfanyabiashara wa Makambako anayejaza ghala urea mwezi Septemba anafunga mtaji wake kwa takriban miezi minne. Mkulima wa Njombe hupanda mahindi mvua zikishaanza, Novemba hadi Desemba, na wakati huo anachotafuta ni mbolea ya kupandia, hasa DAP, yenye fosfeti nyingi ya kujenga mizizi. Urea ni ya kukuzia. Huwekwa mahindi yakifika usawa wa goti, wiki nne hadi sita baada ya kupanda, hivyo soko lake huchangamka kuanzia mwishoni mwa Desemba na Januari.

Mnunuzi huyo hana haraka, na ana sababu. Urea ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani. Mvua kubwa ikifuata mara moja, nyingine huoshwa chini ya mizizi. Mkulima mzoefu hungoja udongo wenye unyevu wa kutosha. Mvua ikichelewa wiki mbili, mauzo nayo huchelewa wiki mbili. Riba ya benki haichelewi.

Kwa upande wa bei, wengi hulinganisha mfuko kwa mfuko, jambo ambalo hupotosha. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni; wa CAN una kilo 13 hivi. Gawanya bei kwa namba hizo kwanza. Aidha, zote mbili hunyonya unyevu, na mfuko uliolazwa sakafuni bila chaga huganda. Nani atanunua jiwe?

Ruzuku nayo ina uzito wake. Msimu wa 2022/23 Serikali iliirejesha, na mkulima aliyesajiliwa akanunua mfuko wa DAP au urea kwa Sh. 70,000 hivi, tofauti ikibebwa na Serikali. Anayetaka kuwa wakala aulize mapema fedha hiyo hufika lini, kabla ya kukopa.

Wenye mtaji mdogo wasidharau vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Mahitaji yake si makubwa, lakini huja wakati maduka mengi ya pembejeo yamepoa, na mifuko ya kilo 5 au 10 ndiyo inayotafutwa.