Ulikamatwa, Ukaachiwa: Nani Anaandika Mwisho wa Kesi?

Msimu wa korosho huleta fedha Masasi na Newala, na kesi huja nyuma yake: gunia lililopungua ghalani, malipo ya chama cha msingi yasiyoonekana, kijana anayedaiwa kununua korosho kwa kangomba, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Si kila anayekamatwa kwa mambo haya hufikishwa mahakamani, wala si kila anayefikishwa hupatikana na hatia. Hata hivyo kukamatwa kwenyewe kumeshaandikwa mahali. Miaka ikapita, mtu akaomba kazi ya ulinzi au akataka kusafiri, ndipo anajiuliza: yale maandishi bado yapo? Nani anaweza kuyasoma? Yanafutika?

Tuanze kituoni. Tukio huandikwa kwenye kitabu, mlalamikaji akapewa namba ya taarifa (RB), jalada likafunguliwa, mtuhumiwa akachukuliwa maelezo ya onyo na mara nyingi alama za vidole. Nyaraka hizo zinabaki mikononi mwa Polisi. Baadhi ya majimbo ya Marekani, Florida likiwemo, huacha jina na picha ya aliyekamatwa wazi kwa yeyote, na zimetokea kampuni zilizozichapisha kisha zikadai fedha ili kuziondoa. Kwetu Tanzania hakuna dirisha la namna hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, lakini inairuhusu taasisi kukataa pale taarifa inapoweza kuvuruga upelelezi au kuingilia faragha ya mtu. Mzazi wa Newala anayetaka kujua kama mchumba wa binti yake aliwahi kulala mahabusu hatapata jibu kwa njia hiyo, na naona ni sawa asilipate.

Ulio wazi ni mlango wa mahakama. Kesi husikilizwa hadharani na hukumu husomwa hadharani, isipokuwa mashauri ya watoto, ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka yasikilizwe faraghani. Rufaa kutoka Mahakama za Wilaya za Masasi na Newala huenda Mahakama Kuu, Mtwara, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambako mtu yeyote mwenye simu anazisoma bila malipo. Naunga mkono uwazi huo kwa moyo wote, maana haki inayotolewa gizani haina wa kuikagua. Lakini una gharama yake. Aliyeshinda rufaa naye yumo humo kwa jina lake kamili, na tuhuma zote zimesimuliwa kurasa kadhaa kabla ya kufikia mstari unaomwachia huru. Anayesoma kwa haraka huishia ukurasa wa kwanza.

Kisha kuna kamera. Polisi wanaita waandishi, watuhumiwa wanasimamishwa nyuma ya vielelezo, picha inapigwa, na kabla ya jioni imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji vyote vya uwanda wa Makonde. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa. Picha ile inamtenda hivyo hivyo. Na siku anapoachiwa, hakuna anayeitwa kupiga picha nyingine.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kumbukumbu zetu huandika mwanzo wa kesi kwa bidii na mwisho wake kwa uzembe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani mapema, na ikishindikana ndani ya saa 24, mkuu wa kituo aangalie kama anaweza kuachiwa kwa dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito. Wengi huachiwa kwa dhamana hiyo na kuambiwa waripoti kituoni kila wiki. Wanaripoti, wanaripoti, mpaka siku moja wanaambiwa wasirudi tena. Hakuna karatasi wanayopewa. Jalada huenda limefungwa, huenda limewekwa kando tu, na mwenye jina lake ndani hajui. Vivyo hivyo kwa anayewekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inaruhusu hilo kwa saa zisizozidi 48, kisha afikishwe mahakamani au aachiwe. Anayeachiwa hutoka na aibu yake, mikono mitupu.

Hata mahakamani, mwisho wa kesi si wa aina moja, na tofauti zake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwendesha mashtaka akiondoa shtaka kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Akiliondoa baada ya hatua hiyo, mshtakiwa anaachiwa huru na suala limekwisha. Mkurugenzi wa Mashtaka naye anaweza kuifuta kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na kufuta huko peke yake si kinga kamili dhidi ya mashtaka mapya. Ndiyo maana imewahi kusikika fulani "kesi yake ilifutwa" asubuhi, na kabla hajavuka geti la mahakama amekamatwa tena. Kwa hiyo, unapoondoka mahakamani, usitosheke na kuambiwa "nenda nyumbani". Uliza umeachiwa kwa amri gani.

Sasa kufuta. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1974 inayoruhusu hatia nyingi zisihesabiwe tena baada ya muda fulani. Afrika Kusini huruhusu hatia za adhabu ndogo kufutwa kwenye kumbukumbu baada ya miaka 10. Tanzania haina sheria ya jumla ya aina hiyo. Hatia ya wizi wa kuku uliyoipata ukiwa na miaka 19 inakufuata ukiwa na 50. Njia zilizopo ni rufaa, mapitio ya Mahakama Kuu, na msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Rufaa ina saa yake: kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30; kwa kesi iliyoanzia mahakama ya wilaya, unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mahakama ikitengua hatia na kufuta adhabu, hiyo ndiyo njia imara zaidi ya kusafisha jina tuliyo nayo.

Kwa waliokamatwa tu, kuna chombo kipya ambacho bado hakijazoeleka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za makosa ya jinai miongoni mwa taarifa nyeti, na inampa mhusika haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usitarajie sheria hiyo ifungue majalada ya Polisi, kwa kuwa ina misamaha kwa kazi za kuzuia na kupeleleza uhalifu. Lakini mwajiri anayehifadhi kwenye faili lako tuhuma iliyokwisha kutupwa na mahakama anapaswa kuulizwa kwa nini.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, na mjadala wa kurekebisha taasisi hizi bado unaendelea. Ningependa Bunge liongeze mambo mawili: hatia ndogo ziwe na ukomo, na kila anayeachiwa kituoni apewe barua fupi inayosema jalada lake limeishia wapi.

Kabla hayo hayajaja, jitunzie mwenyewe. Omba nakala ya hukumu au amri iliyogongwa muhuri, na kama hukufikishwa mahakamani, mwandikie mkuu wa polisi wa wilaya ukiomba kujulishwa hatima ya jalada, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Usitegemee kabati la ofisi peke yake: katika ghasia za Januari 2013 mjini Masasi, mahakama ya mwanzo ilikuwa miongoni mwa majengo yaliyochomwa moto. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure. Na kama umetiwa hatiani wiki hii, anza kuhesabu siku zako za rufaa leo.