Kansere isiuzishe shamba: kazi ambayo koperative inaweza kufanya

Mugonjwa wa kansere analipa dawa. Analipa pia barabara, chakula, mahali pa kulala na sezoni ambayo hakulima. Namna gani wanachama wanaweza kumusaidia kubeba mzigo huo bila kuvunja sanduku?



Kwa desturi ninawaandikia hapa juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo ninaandika juu ya ugonjwa wa watu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu namna unavyomaliza shamba kuliko mvua ya mawe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho ku masomo ya agronomia wakati mama yangu alipata uvimbe ku titi. Muganga alisema: sindano 6, moja kila siku 21. Hakuna mutu aliyetuandikia bei yote tangu mwanzo. Kila mara tulipofika, tuliambiwa bei ya ile siku tu. Baba alilipa sindano ya kwanza kwa kuuzisha mbuzi, ya pili kwa deni. Kwa ya tatu aliuzisha shamba la kahawa, haraka haraka, miezi miwili mbele ya mavuno. Mununuzi alijua tuko mu shida, akatoa nusu ya bei. Zile makuta zilitufikisha ku sindano ya ine. Kisha tulikaa nyumbani majuma 10, tunatafuta za usafiri. Tuliporudi, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mu mapafu. Mama alikufa, na shamba halikurudi.

Kisha matanga, nilifungua kaye ya baba. Alikuwa ameandika yote. Dawa hazikufika hata nusu ya makuta yaliyotoka. Nusu ingine na zaidi ilikuwa boti, piki, chakula cha dada yangu aliyemulinda mama, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na vibarua wa kupalilia maharagi. Mimi ni mutu wa kuhesabu hekta na magunia, lakini ile hesabu sikuwa nimeifanya.

Kwa nini hesabu inatushinda

Matunzo ya kansere ni marefu. Sindano 6 za kila siku 21 zinachukua karibu miezi 4. Ni sezoni nzima ya maharagi. Mugonjwa akianza mu mwezi wa 9, sezoni A inamupita. Na nyumba haipotezi mikono ya mutu mumoja: mulinzi wa mugonjwa naye anaacha jembe.

Kwa matunzo ya mionzi, mara nyingi mugonjwa anapitishwa ku mashini siku 5 kwa juma, majuma kadhaa. Hawezi kutoka kijijini kila asubuhi, lazima apange karibu. Wengine wa kwetu wanavuka mpaka: wanaenda Butaro, kaskazini ya Rwanda, ambako kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012, ama Kampala, ambako kuko taasisi ya kansere tangu 1967. Mpaka nao unaongeza karatasi, kubadilisha franga na siku za kungojea.

Familia iliyohesabu dawa peke yake itasimama katikati ya njia. Hapo ndipo hasara kubwa iko: makuta yamekwisha kutoka, na ugonjwa unapata tena nguvu. Ni sawa na kumwagilia miche mpaka ikamate, kisha kuiacha mu jua.

Mambo 5 ya kufanya

1. Kuomba devi. Siku ya kwanza, mugonjwa asiende peke yake. Mwanachama anayejua kusoma na kuandika amusindikize, aombe bei yote ya matunzo kwa maandishi, na aulize kama hospitali iko na bilo ya kusaidia wagonjwa maskini. Aulize pia kama inawezekana kulipa kwa vipande. Kisha mukae na familia, muongeze safu ine ku karatasi: usafiri, chakula, kulala, mikono ya shamba.

2. Mufuko wa jamii. Ndani ya AVEC, mufuko wa jamii uko mbali na akiba ya mikopo, na ubaki mbali. Tufanye hesabu: wanachama 25, kila mumoja franga 500 kwa juma, ni franga 650.000 kwa mwaka. Koperative yenye AVEC 8 za namna hiyo ingefikisha 5.200.000. Hazitalipa matunzo yote, lakini zinaweza kulipa barabara, na mara nyingi ni barabara inayosimamisha mugonjwa. Andikeni kanuni mbele ya ugonjwa kuja: nani anapata, kiasi gani, mara ngapi. Akiba ambayo sheria ya OHADA inalazimisha kwa makoperative isiguswe.

3. Salongo ku shamba lake. Siku moja ya kulima, siku mbili za kupalilia, siku moja ya kuvuna. Musaada huu hauombi hata franga. Pahali mikono ni michache, tupande muhogo, juu ya hauombi kazi nyingi kama maharagi na unaweza kungoja mu udongo. Lakini tuchague mbegu inayovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Bila hiyo, mizizi iliyongoja inaweza kuoza. Na mugonjwa aliye mu sindano asishike kabisa dawa za kupulizia.

4. Kukodisha, si kuuzisha. Shamba likodishwe sezoni moja ama mbili, kwa karatasi, tarehe ya kurudisha na mashahidi wa koperative. Kama lazima koperative yenyewe ikodishe, kwa bei ya haki. Mununuzi wa haraka hapati nafasi.

5. Avansi juu ya mavuno. Kama mugonjwa alizoea kuleta kahawa ku kituo cha kuosha, kamati inaweza kumupa sehemu ya bei mbele, na kuikata kidogo kidogo, bila faida.

Yote yafanyike kwa ruhusa ya mugonjwa. Wengine wanaogopa maneno ya watu, wanaficha uvimbe mpaka unapasuka. Tusitangaze jina la mutu ku mukutano kama yeye hakukubali.

Kuja mapema kunapunguza bei

Kwa kansere ya mulango wa tumbo la uzazi, kuko kipimo kinachofanywa na siki iliyopimwa na waganga. Jibu linaonekana kwa dakika chache. Alama za mwanzo zinaweza kutunzwa, mara zingine siku ile ile, mbele hazijakuwa kansere. Wamama, ulizeni ku kituo chenu cha afya ni wapi kipimo hiki kinafanyika, na muende wengi pamoja. Na uvimbe ku titi, hata usiouma, haungoji mavuno.

Ku mukutano wenu unaokuja, ninaomba muulize jambo moja tu: kama mumoja wetu anapata kansere kesho, nani atalima shamba lake? Andikeni jibu ndani ya kaye ya koperative. Sisi tulifungua kaye wakati mambo yalikuwa yamekwisha.