Keki Ndogo za Ndizi kwa Mikono ya Watoto

Huko Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, migomba ya kibanja huizunguka nyumba. Mkungu wa kisukari ukiiva huiva wote, na nyumba haiwahi kuumaliza. Nasi visiwani twayajua hayo. Basi msizitupe, waiteni watoto.

Twaa ndizi 6 zilizoiva hata ganda likawa na weusi. Wanga wake umekwisha kugeuka sukari, kwa hiyo usitie sukari nyingine, ambayo huozesha meno. Mtoto aziponde kwa uma. Tia yai 1, mafuta vijiko vikubwa 4, unga wa ngano vikombe 1½ na beking pauda vijiko vidogo 2. Karafuu zetu, 2 tu zilizotwangwa, zatosha. Zikizidi huleta ukali.

Koroga kidogo, ujaze nusu ya vikopo vilivyopakwa mafuta. Moto ni kazi ya mtu mzima: panga vikopo katika sufuria, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kiasi cha dakika 25. Kijiti kikitoka kikavu, tayari.

Mtoto aliyeponda mwenyewe hula bila kubembelezwa. Jaribuni.