India: wapishi wa vijijini wanaojipiga video wenyewe

Chinna Veeramangalam ni kijiji cha wakulima katika wilaya ya Pudukkottai, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Tangu mwaka 2018, vijana watano wa jamaa moja wanapika humo shambani na kujipiga video, pamoja na babu yao Periyathambi, ambaye zamani alikuwa akipika kwenye sherehe za watu. Wana moto wa kuni, jiwe la kusagia viungo na masufuria makubwa ambayo mtu mzima anaweza kuketi ndani. Kila kiungo kinapoingia, mmoja wao anakitaja kwa sauti kubwa kwa Kitamil: manjano, chumvi, vitunguu. Hakuna maelezo marefu. Chakula kikiiva wanaonja wao wenyewe, kisha sehemu kubwa inapelekwa kwa wazee na kwa watoto wasio na wazazi.

Chaneli yao kwenye YouTube inaitwa Village Cooking Channel. Mwezi wa saba 2021 ilikuwa ya kwanza ya Kitamil kufikisha wafuasi milioni 10, na siku hizo walitoa rupia milioni moja kwa mfuko wa jimbo wa kupambana na Covid-19. Leo wafuasi wamepita milioni 20. Wengi wao hawajui neno hata moja la Kitamil, na wapishi hawakubadili lugha ili kuwapendeza. Mwezi wa kwanza 2021, mwanasiasa Rahul Gandhi aliwatembelea, akatengeneza kachumbari ya vitunguu na maziwa ya mgando, akaketi chini kula pamoja nao. Uchaguzi wa jimbo ulikuwa umekaribia, na mwanasiasa anayetafuta kura anajua watu wanaangalia wapi.

Kwa miaka mingi, India iliyofika kwetu ilikuwa ile ya filamu za Mumbai: nyumba za kifahari, harusi za siku nyingi, mvua na nyimbo. Wakaaji wa Goma waliongeza kidogo, kwa kuwa waliwaona askari wa India wa MONUSCO barabarani. Lakini mama wa kijijini anapika nini siku ya kazi, anaosha vyombo wapi, anamwambia nini mkwe wake? Hayo hayakuonekana, kwa sababu mwenye kamera alikuwa anaishi mjini.

Kilichogeuza mambo kilikuwa bei. Mwezi wa tisa 2016, kampuni ya simu Jio, ya tajiri Mukesh Ambani, ilianza kazi kwa kutoa intaneti bure kwa miezi kadhaa. Kampuni zingine zikalazimika kushusha bei zao, na India ikawa kati ya inchi ambako intaneti ya simu ni rahisi sana duniani. Msomaji anayehesabu mega zake kabla ya kufungua video moja ataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Mkulima hakupata nafasi ya kuangalia tu, alipata pia ya kutuma.

Na alichotuma kilisahihisha mambo mengi. Watu wengi ulimwenguni wanadhani Wahindi wote hawagusi nyama. Uchunguzi wa serikali yenyewe kuhusu afya ya familia unaonyesha kwamba wengi wao wanakula nyama, samaki ao mayai, hata kama si kila siku. Kule Pudukkottai wanachinja mbuzi, wanapika kaa na samaki, bila kuomba radhi kwa mtu. Katika inchi ambako chakula kinagusa dini na tabaka, na ambako watu wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa na nyama ya ng'ombe, kuonyesha sufuria yako si mchezo.

Je, yote hayo ni ya kweli? Swali hilo linafaa, na jibu si rahisi. Katika jimbo la Andhra Pradesh kulikuwa na nyanya mmoja, Mastanamma, aliyesemekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Aliolewa akiwa bado mtoto, mumewe akafa mapema, naye akaishi kwa kazi za shamba. Mwaka 2016 kitukuu wake alianza kumpiga video akipika nje, amechuchumaa, anamenya tangawizi kwa kucha. Alipofariki mwezi wa kumi na mbili 2018, chaneli ilikuwa na wafuasi zaidi ya milioni moja. Video yake iliyojulikana sana ni ya kuku aliyepikwa ndani ya tikiti maji. Hicho si chakula cha mababu. Lakini mikono ilikuwa yake, na maneno pia. Ninaona hilo lina uzito kuliko umri wa chakula chenyewe.

Hatari kubwa ilitoka upande mwingine. Mwezi wa sita 2020, askari wa India na wa China walipigana katika bonde la Galwan, na askari 20 wa India wakafa. Tarehe 29 ya mwezi huo, serikali ya India ilifunga programu 59 za Kichina, TikTok ikiwemo, iliyokuwa na watumiaji wapatao milioni 200 inchini humo. Wengi walikuwa watu wa vijijini na wa miji midogo, waliokuwa wakicheza na kuchekesha kwa lugha zao. Walilala na wafuasi, wakaamka bila. Siku chache baadaye Instagram ilileta Reels nchini India, na wengine wakahamia huko, lakini wafuasi hawahamishwi kama mizigo. Wengi walianza upya kutoka sufuri.

Hata mwenye kamera yake anaweza kusimuliwa na wengine. Wanawake wa vijijini wa Uttar Pradesh, wengi wao Wadalit, wana chombo chao cha habari, Khabar Lahariya, kilichoanza kama gazeti mwaka 2002 kabla ya kuhamia kwenye video. Filamu iliyotengenezwa juu yao, Writing with Fire, iliingia katika mashindano ya Oscar ya 2022. Ulimwengu ulishangilia. Wao wenyewe, siku chache kabla ya zawadi kutolewa, waliandika kwamba filamu inagusa moyo lakini imeonyesha sehemu moja tu ya kazi yao, kana kwamba wanafuatilia chama kimoja cha siasa tu. Waandishi hao wanaendelea kutoka kila siku na simu zao, kuuliza habari za visima, barabara na hospitali za vijijini kwao.