Bamvua si Msamiati wa Mtihani Tu

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu maana ya bamvua, kimya kikatanda. Kwa mvuvi wa Pate, kutojua huko kwaweza kumpotezea riziki, hata roho. Mwezi uandamapo, na pia uwapo mpevu, bahari hujaa na kupwa kupita kawaida: hilo ndilo bamvua. Miamba huachwa wazi, watu wakachokoa pweza. Juma moja hivi baadaye huja maji mafu. Mkondo hulegea, mzamiaji akatafuta kamba kwa utulivu. Naye nahodha aendaye Siyu hungoja maji yajae ndipo apenye horini baina ya mikoko. Kesho yake yatachelewa kwa dakika 50 hivi.

Walimu wenzangu, tuwapeleke vijana ufuoni maji yakipwa. Neno lisilotumika hufa, likazikwa pamoja na maarifa yake.